Mhakiki Mbele ya Mpiga Nanga: M. M. Mulokozi, Mgogoro wa Utendi wa Kiafrika na Ushahidi wa Bukoba na Muleba

Ni nadra kukuta tasnifu ya fasihi simulizi iliyoandikwa kwa Kiswahili nchini Tanzania ambayo haimtaji Mugyabuso Mlinzi Mulokozi. Hutajwa hasa katika sura ya pili, mahali ambapo mtahiniwa hutafuta fasili ya kuanzia, na hutajwa kama mtu aliyekwisha kuufunga mjadala: utendi ni huu, shujaa ni yule, tanzu ni sita, kisha ukurasa unafunuliwa. Heshima hiyo ina kinaya ndani yake. Mhakiki huyu alijijengea jina kwa kuzikataa fasili ambazo wengine walikuwa wamekwisha kuzikubali, na kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wahakiki waliozua ubishi mkubwa katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Kumgeuza kuwa chanzo cha fasili zisizohojiwa ni kumsoma kinyume na alivyofanya kazi.

Makala haya yanauchunguza upande mmoja wa ubishi huo, yaani hoja yake kuhusu kuwapo kwa utendi wa Kiafrika, ambayo ushahidi wake mkuu ni nanga za Wahaya. Dai linalotetewa ni kwamba nguvu ya hoja hiyo ilitokana na utendaji wenyewe, jinsi ulivyosikika katika nchi ambayo leo ni wilaya za Bukoba, Muleba na jirani zake, na kwamba wengi wa waliomfuata wameichukua orodha ya sifa na kuuacha utendaji nje ya mlango.

Mhakiki wa Bara

Mulokozi alizaliwa mwaka 1950 katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, eneo ambalo baadaye lilijulikana kama Mkoa wa Ziwa Magharibi na ambalo, baada ya vita vya 1978–1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, lilipewa jina la Kagera. Kizazi chake kilishuhudia mambo mawili yakifikia mwisho wake. La kwanza ni utawala wa wafalme, yaani abakama wa Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na kwingineko, uliofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na utawala wa machifu wote wa Tanganyika. La pili ni nyarubanja, mfumo wa ardhi uliomfanya mkulima alipe kodi na utumishi kwa bwana aliyegawiwa shamba hilo na mfalme, na ambao nao ulivunjwa kwa sheria za Serikali katika muongo huohuo. Mambo haya mawili yanafaa kukumbukwa na kila anayesoma uhakiki wa Mulokozi wa miaka ya 1970. Wapinzani wake waliuona uhakiki wa kitabaka kuwa kitu kilichosomwa vitabuni na kuletwa Mlimani kwa fasheni ya wakati ule. Kwa msomi aliyetoka Buhaya, maneno bwana na mtwana yalikuwa na sura za watu na mipaka ya migomba.

Akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mazingira yaliyotawaliwa na mjadala wa Azimio la Arusha na nadharia ya Umaksi, alichapisha mwaka 1975 makala iliyoupima ushairi wa Kiswahili kwa kigezo cha mapinduzi na upinzani wa mapinduzi. Swali lake lilikuwa la moja kwa moja: ushairi huu unamtumikia nani? Mwaka uliofuata, yeye na Kulikoyela Kahigi walitoa diwani ya *Malenga wa Bara*, na mwaka 1979 wakatoa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*. Jina la diwani ya kwanza lilikuwa uchokozi tosha. Msomaji wa wakati ule, aliyekwisha kuizoea *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir, alielewa mara moja kuwa neno “bara” limewekwa pale kwa makusudi.

Mgogoro uliofuata umeandikwa mara nyingi na hauhitaji kurudiwa kwa kirefu. Upande mmoja walikuwapo wanajadi, ambao kitabu chao cha sheria kilikuwa kile cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, walioshikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Upande wa pili walikuwapo wanausasa: Euphrase Kezilahabi na *Kichomi* yake ya mwaka 1974, Ebrahim Hussein, Kahigi na Mulokozi. Mjadala uliendelea hadi miaka ya 1980, na *Tungo Zetu* ya Ibrahim Noor Shariff (1988) ilikuwa miongoni mwa majibu mazito zaidi, ikisisitiza kuwa msingi wa tungo za Kiswahili utafutwe kwa Waswahili wenyewe na katika istilahi zao. Jibu hilo lilikuwa na haki yake. Mhakiki anayeueleza ushairi wa pwani kwa tabaka peke yake huacha mengi, na haishangazi kwamba baadaye Mulokozi mwenyewe alishirikiana na T. S. Y. Sengo kuandika historia ya ushairi wa Kiswahili iliyotoka mwaka 1995, na mwaka 1999 akahariri *Tenzi Tatu za Kale*, kazi ya uangalifu mkubwa juu ya urithi uleule wa pwani ambao wapinzani wake walidai anaudharau.

Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni uhusiano wa mgogoro huu na nanga. Hoja kubwa ya wanausasa ilikuwa kwamba ushairi wa jamii za Kibantu, kabla ya kuandikwa na nje ya pwani, haukujengwa juu ya vina na mizani ya kuhesabu. Hoja hiyo inaweza kutolewa na mtu yeyote kama dhana. Kwa aliyelelewa na lugha ya Kihaya si dhana. Mpiga nanga hapangi silabi nane kwa nane wala hatafuti kina cha kati na cha mwisho. Mstari wake hufuata pumzi, mapigo ya nyuzi na marudio ya maneno, na hakuna msikilizaji wa Kihaya aliyewahi kumwambia kwamba anachoimba si ushairi. Ni busara basi kuukisia msimamo wa *Kunga za Ushairi* kuwa ulitanguliwa na masikio kabla ya kutanguliwa na nadharia, hata kama vitabu vyenyewe vimeutetea kwa nadharia zaidi.

Dai la Finnegan na jibu kutoka Kagera

Mwaka 1970 Ruth Finnegan alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kitabu ambacho hadi leo hakuna anayefanya utafiti katika uwanja huu anayeweza kukikwepa. Ndani yake aliweka maelezo mafupi kuhusu utendi. Alisema kwa ufupi kwamba utendi, kwa maana ya masimulizi marefu ya kishairi kuhusu mashujaa, hauelekei kuwa utanzu wa kawaida katika Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha tungo zilizoathiriwa na Uarabu kama zile za Waswahili. Mifano iliyokuwa ikitajwa na wengine, kwa mfano masimulizi ya Lianja wa Wamongo na Mwindo wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo, aliiona kuwa na kasoro: sehemu kubwa ni nathari, na baadhi ya matini ndefu zilionekana kuwa zimeunganishwa kutokana na vipande vilivyosimuliwa kwa nyakati mbalimbali. Kabla yake, C. M. Bowra alikuwa amekwisha kudai mwaka 1952 kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na sifo na maombolezo lakini hazikufika kwenye ushairi wa kishujaa wenyewe.

Ni rahisi leo kulisoma dai hilo kama tusi, na wengi wamelisoma hivyo. Kwa haki, Finnegan alikuwa akitoa tahadhari ya kimbinu kutokana na ushahidi uliokuwapo mezani, na aliacha nafasi ya kusahihishwa. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kigezo kilichotumika kupima kilitokana na matini ndefu za kale za Ulaya zilizokwisha kuandikwa, kisha kikapelekwa kwenye sanaa ambayo haikai katika matini. Wahakiki wengi walijibu: Isidore Okpewho kwa kitabu cha mwaka 1979 kilicholinganisha tendi za Kiafrika na zile za Homer, John William Johnson kwa makala ya mwaka 1980, na Daniel Biebuyck kwa kazi zake juu ya Wanyanga.

Jibu la Mulokozi lilikuja mwaka 1983 katika jarida la *Research in African Literatures*, likiwa na umbo la swali: je, wapiga nanga wa Tanzania ni wasanii wa utendi? Swali hilohilo lilikuzwa kuwa tasnifu ya uzamivu iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na baadaye kitabu cha *The African Epic Controversy*, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kuna tofauti moja kubwa kati yake na wengi wa waliomtangulia katika kumjibu Finnegan. Hakuanza kwa kutafuta matini iliyokuwa ndefu vya kutosha kumridhisha mpinzani. Alianza na msanii.

Nanga, kwa msomaji wa pwani ambaye neno hilo humpeleka kwanza kwenye chombo cha bahari, ni ala ya muziki ya nchi za maziwa makuu. Ni kibao kirefu cha mti kilichochongwa mithili ya hori dogo, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha, ukatoa nyuzi saba au nane. Mpigaji huilaza mbele yake na kuipiga kwa vidole huku akiimba. Katika Kihaya, enanga ni ala na pia ni utungo unaoimbwa kwa ala hiyo. Tungo zenye majina ya Rukiza, Kachwenyanja, Kaitaba na Mugasha ni miongoni mwa zilizojulikana zaidi. Mugasha ni mwenye ziwa na dhoruba katika imani ya asili ya Wahaya. Rukiza ni mtu mwenye nguvu anayegongana na mamlaka ya mfalme. Jina la Kaitaba leo linasikika Bukoba zaidi siku za mpira, kwa sababu ya uwanja unaoitwa hivyo, na pengine mashabiki wengi wanaolitamka hawajawahi kuisikia nanga yake.

Ushahidi huu ulimpa Mulokozi mambo ambayo mifano ya Kongo haikuweza kuyatoa kwa urahisi. Kwanza, nanga ni ushairi toka mwanzo hadi mwisho. Pingamizi la nathari halina pa kushika. Pili, huimbwa na mtu mmoja kwa mfululizo mmoja, kwa hiyo hakuna mhariri aliyeunganisha vipande. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, msanii hutunga akiwa anatenda. Hana matini aliyoihifadhi kichwani neno kwa neno. Ana visa, majina, mafungu ya maneno yaliyozoeleka na nyuzi zinazompa muda wa kufikiri. Urefu wa utungo hutegemea usiku, wasikilizaji na malipo. Kuuliza nanga ya Rukiza ina mistari mingapi ni kuuliza swali ambalo jibu lake hubadilika kila ala inapolazwa chini.

Hapo ndipo pingamizi la urefu linapovunjika. Haivunjwi kwa kuonyesha kwamba nanga ni ndefu kama *Iliad*. Inavunjwa kwa kuonyesha kwamba urefu wa matini ni sifa ya maandishi, na kwamba mtu anayeitafuta katika sanaa ya kutendwa anapima moshi kwa rula.

Muktadha wa nanga unaongeza jambo la pili ambalo uhakiki wa Mulokozi uliliona kwa uwazi kuliko watangulizi wake. Wapiga nanga walikuwa na uhusiano wa karibu na nyumba za wafalme. Ufadhili wa mfalme ulikuwa sehemu ya riziki ya msanii. Hata hivyo, miongoni mwa tungo zilizodumu katika vinywa vyao imo habari ya mtu aliyesimama dhidi ya mfalme. Uhakiki wa kitabaka wa miaka ya 1970, ambao ulipotumika kwenye ushairi wa pwani ulionekana mara nyingine kuwa mkavu, hapa unapata nyama. Msanii anakula kwa mfalme na anaimba habari za anayemkatalia mfalme, na wasikilizaji, ambao baadhi yao walikuwa watu wa nyarubanja, walijua kusikiliza tabaka mbili za maana kwa wakati mmoja. Ihangiro, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Wilaya ya Muleba, ni mahali pazuri pa kulipima wazo hili, kwa kuwa hapo kumbukumbu ya ufalme na kumbukumbu ya kodi ya shamba bado zinasimuliwa na koo zilezile.

Peter Seitel, mtafiti wa Kimarekani aliyezikusanya hadithi za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980, kisha akarudi kwenye tanzu zao katika kitabu cha mwaka 1999, anafaa kuwekwa kando ya Mulokozi kwa ulinganisho. Seitel ni msikilizaji makini sana wa jinsi maneno yanavyopangwa, yanavyonyamaziwa na yanavyorudiwa. Matini zake zimeandikwa kwa namna inayomwonyesha msomaji mahali sauti ilipopanda na ilipokatika. Katika hilo anamzidi Mulokozi. Lakini kwa Seitel swali la nani alikuwa bwana wa nani halina uzito huo, na kwa sababu hiyo ukali wa nanga kama ya Rukiza hupungua. Mtafiti wa sasa angefanya vema kuwasoma wote wawili, na inasikitisha kwamba Seitel hutajwa kwa nadra mno katika tasnifu za Kiswahili.

Kutoka utendaji hadi orodha

Kama hoja ya mwaka 1983 ilikuwa na nguvu kiasi hicho, kwa nini athari yake katika tasnifu imekuwa nyembamba? Jibu linapatikana katika njia ambazo kazi za Mulokozi zimepitia hadi kumfikia mwanafunzi. Kazi zake kuu juu ya nanga, yaani makala ya 1983, tasnifu ya 1986 na kitabu cha 2002, zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Kinachomfikia mwanafunzi wa Kiswahili kwanza ni makala ya “Tanzu za Fasihi Simulizi” iliyotoka katika *Mulika* mwaka 1989, pamoja na *Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili* wa mwaka 1996 ulioandaliwa kwa ajili ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kazi hizi mbili ni za kufundishia. Zina kazi ya kupanga, na zinapanga vizuri: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Lakini kitabu cha kufundishia hutoa matokeo na kuzificha njia. Mwanafunzi anapokea hitimisho la safari ya miaka mingi bila kuonyeshwa barabara.

Matokeo yake yanaonekana kwa yeyote anayesoma tasnifu kadhaa za umahiri kuhusu ushujaa. Mtahiniwa huchagua utendi, mara nyingi ulioandikwa. Hutaja sifa za shujaa wa Kiafrika zinazohusishwa na kazi za Mulokozi: nguvu za mwili, nguvu za akili, nguvu za sihiri na uungwaji mkono wa umma. Kisha hufungua vichwa vinne vidogo, akaweka beti chini ya kila kichwa, na kuhitimisha kwamba mhusika ni shujaa kwa kuwa sifa zote nne zimepatikana. Hapana sauti ya ala. Hapana msikilizaji. Mara nyingi hapana hata mpinzani wa shujaa, ingawa bila mfalme hakuna Rukiza. Sifa hizo, zilipotajwa kwa mara ya kwanza, zilikuwa muhtasari wa yale yaliyosikika katika nanga nyingi. Zinapotumiwa kama fomu ya kujazwa zinafanya kazi ileile iliyofanywa na kigezo cha Bowra, ila tu sasa jibu limegeuzwa kutoka hapana kuwa ndiyo.

Sehemu ya lawama ni ya mhakiki mwenyewe. *The African Epic Controversy*, kwa kadiri inavyotaka kumshinda mpinzani, inalazimika kuthibitisha kwamba nanga zina kila kitu kinachodaiwa kuwamo katika utendi, na kila uthibitisho wa aina hiyo huacha nyuma yake kigezo kipya. Mtu aliyewaambia wanajadi kwamba vina na mizani si uhai wa shairi alijikuta, upande wa utendi, akiwapa wanafunzi kitu chenye sura ya sheria. Hakuwaambia waitumie hivyo. Lakini hakuweka pia kizuizi cha kutosha, na wanafunzi, kama ilivyo desturi ya wanafunzi, walichukua kilichokuwa chepesi kubeba.

Jambo lingine lililochangia ni kazi zake za ubunifu. *Utendi wa Nyakiiru Kibi* (1997) uliiingiza simulizi ya Kihaya katika Kiswahili cha maandishi, na umekuwa kipenzi cha watahiniwa kwa sababu unapatikana dukani, umeandikwa kwa lugha wanayoijua na mtunzi wake ndiye aliyeandika nadharia. Faida hizo tatu zina gharama. Mhakiki anapothibitishwa kwa utungo alioutunga mwenyewe, nadharia haijapimwa, imezungushwa tu. Watahini wangeweza kulikataa jambo hili bila kumvunjia heshima mtu yeyote.

Kuna pia athari njema ambayo haifai kupuuzwa. Tofauti aliyoitilia mkazo kati ya utendi kama masimulizi ya kishujaa na utenzi kama umbo la ubeti iliwatoa watafiti katika tabia ya kuita kila utungo mrefu utenzi na kuishia hapo. Ilifanya iwezekane kuuliza kama habari za Fumo Liyongo zilikuwa utendi wa kuimbwa kabla hazijawa utenzi wa kuandikwa, na swali hilo limeifungua pwani upya kwa njia ambayo wanajadi na wanausasa wote wangeweza kuikubali. Ni jambo la kutia moyo kwamba ufunguo wa mlango wa Lamu umechongwa kwa mfano wa Ihangiro.

Kinachobaki kufanywa Bukoba na Muleba

Nanga haijakaa ikisubiri watafiti. Ufalme ulipofutwa, msanii alipoteza baraza na akatafuta mahali pengine pa kuimba: arusi, sherehe za ukoo, vilabu vya pombe ya ndizi, redio. Kila mahali papya palidai utungo wa namna mpya. Arusini hakuna usiku mzima wa kumsikiliza mtu mmoja. Kuna kipande cha Rukiza, kisha majina ya wazazi wa bwana arusi, kisha mzaha kuhusu wageni kutoka mjini, kisha Rukiza tena pale alipoachwa. Redio ilidai muda maalumu, na mara nyingi wimbo mfupi.

Mtafiti mwenye orodha ya sifa nne atakiona kipande hicho cha arusini kuwa uharibifu. Ataandika kwamba utendi umekufa, kwa kuwa shujaa hakutimia: alitajwa kwa nguvu za mwili, lakini sihiri haikufikiwa kabla chakula hakijaletwa. Mtafiti aliyeisoma hoja ya 1983 atakiona kitu tofauti, yaani msanii yuleyule akifanya kazi ileile ya kupima wasikilizaji na kukata utungo kwa kadiri yao. Atauliza kwa nini kipande hiki kilichaguliwa na si kingine, nani alicheka, nani alitoa fedha, na kama jina la mfalme lilitajwa mbele ya wajukuu wa mfalme. Maswali hayo hayajibiwi maktabani. Yanahitaji kinasa sauti, Kihaya, na subira ya kuandika kila kilichosemwa, pamoja na vikohozi.

Suala la lugha ni gumu zaidi. Tasnifu ya Kiswahili kuhusu nanga humleta msomaji tafsiri, na tafsiri za namna hii kwa kawaida hunyoosha. Kwa kuwa mtahini huzoea kuuona ushairi wa Kiswahili katika beti, mtahiniwa hushawishika kuzipanga beti mahali ambapo mpiga nanga hakuweka ubeti wowote. Kwa njia hiyo mgogoro wa miaka ya 1970 hurudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii mila ya pwani inashinda bila hata kubishana. Kuweka matini ya Kihaya kamili katika kiambatisho, mstari ukikatwa pale nyuzi zilipokatiza, pamoja na tafsiri isiyolazimishwa kuwa na urari, ni sharti ambalo idara yoyote inaweza kuliweka kesho. Gharama yake ni kurasa zaidi.

Kuhusu wapiga nanga wenyewe, desturi ya tasnifu ni kuwaorodhesha kama watoa taarifa, mara nyingi kwa namba, katika jedwali la sura ya tatu lenye umri, jinsi na kijiji. Mtunzi wa *Kichomi* hawekwi kwenye jedwali. Ikiwa hoja iliyotetewa tangu 1983 ni ya kweli, kwamba mtu anayeilaza nanga mbele yake Muleba ni msanii wa utendi kwa maana kamili ya neno hilo, basi mahali pake, akiwa ameridhia kutajwa, ni pale panapotajwa watunzi, jina lake kwanza na utungo wake pembeni, pamoja na tarehe ya usiku aliouimba.